Wiki ya Mapumziko Bara: Je, Umri Wako Waruhusu?

Sisi watu wa pwani tumezoea kuwa wenyeji wa likizo za wengine. Ifikapo Disemba mabasi na gari la moshi hutushushia wageni kutoka bara, wakajaa Diani, Nyali, Bamburi na Malindi, nasi tukawauzia madafu, tukawatembeza kwa mashua, na Januari tukawaaga. Mapumziko yetu wenyewe hayakuwa na bei. Mtu alikwenda shamba msimu wa maembe, au Lamu kwa Maulidi, au Unguja kwa shangazi, akalala kitanda cha jamaa na kula sinia moja na watoto wa nyumba. Nani aliyepata kudaiwa kodi ya kitanda na shangazi yake?

Siku hizi mambo yamegeuka. Gari la moshi lilianza safari za Mombasa na Nairobi likaenda, watu wakazeeka nalo? La, hilo ni lile la babu zetu. Hili la sasa lilianza mwaka 2017, na mwaka 2019 reli yake ikasogezwa hadi upande wa Naivasha. Si ajabu tena kumkuta mama wa buibui kando ya Ziwa Naivasha, amejitanda shali mbili, akiwaonyesha wajukuu viboko. Na akishafika hapo, hakosi kuambiwa: “Mama, usirudi kabla hujaiona Olkaria.”

Olkaria ni nchi ya Wamasai, kusini ya ziwa hilo, mahali ambapo ardhi yenyewe hupumua. Mvuke hutoka chini kwa kishindo, ukakamatwa kwa mabomba makubwa na kupelekwa kwenye mitambo ya umeme, ambayo wa kwanza wake ulianza kazi mwaka 1981. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1984, eneo la jirani likatangazwa kuwa Mbuga ya Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu yake au kwa baiskeli katikati ya pundamilia. Kuna korongo la Ol Njorowa lenye kuta za mawe, la kushuka na kupanda kwa mikono na magoti. Kisha kuna bwawa la maji ya moto, maji yaliyotoka kwenye visima vya mvuke, ambamo mtu huketi mpaka shingoni huku upepo wa baridi ukimpiga usoni.

Hebu tazama hapo. Mahali ni pamoja, lakini korongo ni la kijana na bwawa ni la mzee. Kijana akiwekwa bwawani saa nzima atachoka. Mzee akipelekwa korongoni atarudi na goti bovu. Jambo hilo dogo ndilo msingi wa mazungumzo yetu ya leo, maana popote wageni wanapopumzika, iko biashara moja isiyokaa mbali nao, nayo ni ya kumuuzia mgeni wiki.

Wazungu huiita taimushea. Sisi tuiite umiliki wa zamu. Hununui nyumba, unanunua juma moja la kila mwaka ndani ya nyumba hiyo. Wiki ya pili ni ya mwingine, ya tatu ya mwingine, mpaka mwaka wa wiki hamsini na mbili umekwisha gawanywa kama nyama ya akika. Unalipa fedha nyingi mara moja, kisha kila mwaka unalipa ada ya matunzo: rangi, bustani, mlinzi, godoro jipya. Mkataba huwa wa miaka kadhaa, au kama ilivyokuwa zamani huko Ulaya, wa milele.

Asili yake ni huko huko Ulaya. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianza mwaka 1963 kuwauzia watu hisa za kulala kwenye nyumba zake za mapumziko. Mwaka 1967 hoteli moja ya Superdévoluy, katika milima ya theluji ya Ufaransa, ikawaambia wateja wake kwamba kuliko kupanga chumba kila mwaka ni heri wanunue hoteli yenyewe, kila mtu kwa wiki yake. Wamarekani wakaidaka. Mwaka 1974 mtu na mkewe katika jiji la Indianapolis wakaanzisha RCI, kampuni ya kubadilishana wiki, ili mwenye wiki ya theluji aweze kumpa mwenye wiki ya bahari.

Asije mtu akadhani kwamba jambo hili ni geni katika vitabu vyetu. Mafakihi walilijadili karne nyingi kabla ya Hapimag, wakaliita muhayaa: washirika wawili wa nyumba moja wanaridhiana huyu akae mwezi huu na yule mwezi ujao. Nani asiyejua hapa Mombasa na Lamu tofauti ya kumiliki kitu chenyewe na kumiliki manufaa yake? Nyumba za wakfu zimetufundisha. Mwaka 2007 wanachuoni wa Akademia ya Fikihi ya nchi za Kiislamu walikutana Putrajaya, Malaysia, wakalitazama suala la umiliki wa zamu na kuukubali kwa masharti. Na Makka kwenyewe, katika mnara wa Zamzam unaotazamana na Msikiti Mtukufu, kampuni ya Kuwait iliuza kuanzia mwaka 2003 haki za kukaa kwa muda, kwa miaka 24, bei ikitofautiana kwa msimu.

Kwa hiyo swali si la halali au haramu peke yake. Swali ni: wewe unayenunua una miaka mingapi?

Muuzaji wa wiki hulijua swali hilo kuliko sisi. Katika mialiko ya Marekani na Mexico, ile ya “njoo ule chakula cha bure, usikilize maneno ya saa moja na nusu”, mara nyingi huandikwa kabisa umri unaotakiwa, na kwamba mume na mke lazima waje pamoja. Wakishaketi, maneno hubadilika kwa kadiri ya mvi. Kwa vijana ataimba dunia: leo Naivasha, kesho Uhispania, keshokutwa Dubai. Kwa baba wa makamo atawataja watoto: “Hawa watakukumbuka kwa nini, Baba?” Kwa mzee atashusha sauti: “Mzee wangu, umewafanyia kazi watu maisha yako yote. Sasa ni zamu yako. Na ukiondoka, wanao wamebaki na kitu.” Hapo ndipo hila inapolala. Muuzaji ameuliza umri ili akualike na ili ajue la kukuambia. Akifika kwenye bei, umri haumhusu tena. Wa miaka 30 na wa miaka 65 watalipa fedha zile zile kwa wiki ile ile, ingawa mmoja huenda akailala mara arubaini na mwingine mara kumi.

Kijana, kwa hesabu ya vidole, ndiye mwenye kupata faida kubwa. Lakini kijana hana fedha mkononi, na asiye na fedha huuziwa kwa mkopo, na mkopo huo una riba. Hapo Mwislamu hana haja ya kuendelea kusoma mkataba. Na hata anayepata njia ya kulipa pole pole bila riba, je, anajua maisha yake ya miaka mitano ijayo? Leo yuko Mombasa, kesho amepata kazi Doha, mwaka wa tatu ameoa, wa nne amepata mtoto asiyeweza safari ya kilomita mia sita. Wiki haimngojei. Isipolaliwa mwaka huu, imekwenda, na ada yake imelipwa.

Tena vijana hupenda vishindo, na vishindo havikai tarehe moja. Mbio za magari za Safari Rally ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19, kambi yake ikawa Naivasha, na magari yakapita humo humo Hell's Gate. Vijana wakafurika, vyumba vikakosekana. Mwaka 2021, 2022 na 2023 mbio zilikuwa mwezi Juni. Aliyeyaona hayo akasema “hii wiki ya Juni ni dhahabu” angalikuwa amejifunga kamba, kwani mwaka 2024 mbio zilihamishiwa Machi. Na Machi ya mwaka huo ilikuwa ndani ya Ramadhani, na ya 2025 vile vile.

Nimeitaja kalenda, basi niseme yote, kwa sababu hapa ndipo mnunuzi Mwislamu anapotofautiana na wengine, na sijamsikia muuzaji akilitaja.

Wiki za zamu huhesabiwa kwa kalenda ya jua. Wiki ya kumi na tano ni ya Aprili, daima dumu. Lakini sikukuu zetu hufuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja hivi. Idd-ul-Fitr ya 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili. Ya 2025, mwisho wa Machi. Baba aliyenunua wiki ile ya Aprili akitamani kuipeleka familia yake bara kila Idd aliipata Idd hiyo mwaka mmoja, na mwaka wa pili tayari imempita. Itarudi lini? Mzunguko mzima huchukua kama miaka 33. Na kwa kuwa Idd huruka siku kumi na zaidi kila mwaka, nayo wiki ina siku saba tu, yawezekana kabisa ikairuka wiki yako isiiguse hata mara moja katika mzunguko wote. Mwenye miaka 35 akingoja mzunguko ukamilike atakuwa na 68. Mwenye 60, tumwombee umri mrefu, atakuwa na 93.

Wazazi wa makamo ndio wanaobanwa zaidi, maana wao wana kalenda tatu za kupatanisha: ya muuzaji, ya mwezi na ya shule. Watoto wa Kenya hupata likizo Aprili, Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Idd-ul-Fitr iliyokuwa ikiangukia Aprili imekwisha kuondoka huko, inarudi nyuma kupitia Machi na Februari, watoto wakiwa darasani. Kwa hesabu ya mwezi, haitaingia likizo ya Disemba mpaka mwaka 2033, mwaka ambao utakuwa na Idd-ul-Fitr mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Disemba. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka 2024 atakuwa na 17 wakati huo, na kijana wa miaka 17 kumpeleka kwenye baridi na wazazi wake ni kazi ya kumshika mkono na kumburura.

Hata hivyo, nikiulizwa ni nani ambaye wiki ya zamu yaweza kumfaa, nitasema ni huyu wa makamo, wa miaka arubaini au hamsini, mwenye watoto ambao bado wanamfuata na kazi ambayo haitamhamisha. Yeye korongo bado analiweza na bwawa ameanza kulipenda. Lakini na anunue kwa muda unaojulikana, si wa milele, na kwa zamu inayohama, si ya tarehe moja. Na mama wa nyumba aulizwe kabla ya mkataba, si baada yake. Yeye ndiye atakayetaka kujua kama nyama ni ya halali, na kama kuna saa za wanawake kuoga kwa sitara, au kama wiki yake nzima itakuwa ya kuwatazama wengine majini.

Sasa tumfikie mzee, ambaye kwa ajili yake hasa ninaandika.

Mtumishi wa serikali nchini Kenya hustaafu na miaka 60. Wa bandari na wa reli nao hupata kiinua mgongo chao, na kwa wengi wao hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kushika fedha nyingi kwa pamoja. Kila mtu mjini anazo habari. Mpwa anataka duka, jirani anataka ubia wa mashua, na muuzaji wa wiki naye amekaa kitako na karatasi zake. Mzee ana kile ambacho kijana na baba wa makamo hawana: nafasi. Hana bosi wala shule. Aweza kwenda Naivasha Februari, Mei au Oktoba. Lakini ndiyo sababu hasa ya kutonunua. Anayefungwa na likizo ndiye anayehitaji kuwekewa wiki. Mtu aliye huru mwaka mzima huenda wakati vyumba vitupu na bei zimeshuka, akalala siku tatu, akarudi. Na lile bwawa la Olkaria halitaki mkataba wa miaka 24. Unalipa mlangoni, unaingia, unaoga, unatoka.

Tena kuna mwili. Naivasha iko juu karibu mita 1,900, na usiku wa Julai huko si mchezo kwa mtu aliyezaliwa Kibokoni. Mwaka wa kwanza ni starehe. Mwaka wa kumi, mzee ana sabini, na safari ya siku mbili inamlaza siku nne. Na nyumba nayo inazeeka pamoja naye. Mitambo ile ya Olkaria ya mwaka 1981, chuma tupu kilichosimamiwa na mainjinia, baada ya miongo minne ilihitaji kufanyiwa ukarabati mkubwa. Sembuse paa la nyumba ya wageni. Nyumba ikichakaa ada hupanda, na hupanda wakati ambapo pensheni imesimama pale pale.

Atasema, basi nitaiuza. Na amwuzie nani? Marekani zipo wiki zinazotangazwa mkono wa pili kwa dola moja na bado zikakosa mtu, kwa sababu anayenunua dola moja ananunua na ada. Uingereza, watu walionunua wiki za Uhispania wakiwa na miaka hamsini walijikuta na miaka themanini hawawezi kupanda ndege, na mkataba wa milele unawadai wao na warithi wao. Uhispania yenyewe iliweka sheria mwaka 1998 kwamba mkataba wa namna hii usizidi miaka 50, na Januari 2015 Mahakama yake Kuu ilibatilisha mkataba wa milele wa mnunuzi mmoja kutoka Norway dhidi ya kampuni ya kisiwa cha Gran Canaria. Umoja wa Ulaya uliwapa wanunuzi siku 10 za kubadili nia kwa kanuni ya mwaka 1994, na ile ya 2008 ikazifanya 14. Nasi hatukuachwa nyuma: Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya Kenya ya mwaka 2012 inautaja mkataba wa zamu kwa jina lake, na inampa mnunuzi muda wa kuuvunja bila kueleza sababu, baada ya kupokea nakala yake ya maandishi. Kwa hiyo mzee asitoke kwenye meza ile bila nakala mkononi, na jioni hiyo hiyo ampe mjukuu anayejua kusoma maandishi madogo.

Limebaki lile la “wanao wamebaki na kitu”. Ni kweli wanabaki nacho. Imamu Abu Hanifa alisema kukodi manufaa hukatika kwa kifo, lakini sisi wa pwani ni Mashafii, na kwa Shafii kifo hakivunji ijara. Miaka iliyobaki inaingia katika mirathi. Basi na igawanywe, baada ya mazishi, madeni na wasia, kama Kadhi anavyogawa kitu kingine chochote. Tuseme mzee ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wiki ina saa 168. Mke ana thumni, yaani saa 21. Zilizobaki ni saa 147, wanaume kila mmoja mafungu mawili na binti fungu moja. Kila mwana ana saa 58 na dakika 48 katika nyumba ya Naivasha, na binti ana saa 29 na dakika 24. Mwana mmoja yuko Jeddah, mwingine hana nauli, mjane hataki baridi. Na ada ya mwaka ujao, inayodaiwa kwa wiki nzima, imekwisha fika kwa barua kwa anwani ya marehemu.